Tabo ya Mjomba, Dizeli ya Baba na Karasha la Bibi

Niliondoka nyumbani Nyamisangura, hapa Tarime mjini, kwa sababu baba yangu na bibi yangu hawaongei. Hawajagombana, msinielewe vibaya. Bibi ni mama mzazi wa mama yangu, kwa hiyo kwa Baba ni mkwe, na sisi Wakurya mwanaume na mama mkwe wake wanaoneana soni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao anaingia shambani kukagua mahindi ya watu. Wakitaka kuambiana jambo wananituma mimi. Mimi ndiye simu yao, na kama simu nyingine zote, hakuna anayeuliza kama nimechoka mpaka nizime.

Safari yenyewe ilikuwa ya karasha. Kwa wasomaji ambao hawajawahi kupumua vumbi la Nyamongo: karasha ni pipa la chuma nene, ndani lina mipira ya chuma, linazungushwa na injini ya dizeli ili lisage mawe ya dhahabu yawe unga. Babu alipofariki alimwachia Bibi karasha na watoto watano, na Bibi akalisha hao watano kwa hilo moja, pale Genkuru, akisaga mawe ya wachimbaji wadogo. Mawe yalipopungua, karasha likahamishiwa uani kwetu na kuku wakalifanya wodi ya wazazi. Bibi akapanga chumba mtaa wa tatu kutoka kwetu, maana kuishi kwa mkwe haiwezekani hata dunia ikiungua. Mjomba Chacha, mwanawe wa kiume, akamwambia ahamie kwake Isebania, ng'ambo ya mpaka, akapumzike. Bibi akasema ameshawaona wanawake waliopumzishwa. Wanawekwa kwenye kiti cha plastiki, wanasubiri chai.

Kisha ikalipuka rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya. Ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, mchunga mbuzi mmoja aliokota jiwe lenye macho ya njano karibu na kichuguu, na ndani ya wiki mbili pale kichuguuni kulikuwa na watu wengi kuliko mnadani. Kijito kipo kimoja tu. Kamati ya rashi ikapima viwanja vya karasha kuanzia kando ya kijito, na Bibi akaandikishwa namba tatu, mahali ambapo ukitema mate yanaanguka majini. Sharti lilikuwa moja: Jumamosi saa sita mchana chuma kiwe chini, na mwenye chuma awe amesimama pembeni yake, yeye mwenyewe. Sharti hilo lilitungwa kwa sababu watu walishaanza kutuma wapwa na mapipa mabovu wawashikie viwanja. Asiyekuwepo anasogezwa mlimani. Mlimani hakuna maji, na karasha bila maji ya kuoshea unga wake ni ngoma ya gharama.

Kwa hiyo ilibidi vifike vitu viwili, karasha na Bibi. Hapo ndipo wazee wangu walipoanza kunitia hasira, na mpaka leo hazijaisha.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, uani kwetu. Yalisimama magari mawili. La Baba ni pikapu ya dizeli, kabini moja, gia za mkono, kuukuu kuliko mimi. Ukiliwasha majirani wanajua, na nguo zao zilizoanikwa zinajua zaidi. Lakini limekokota karasha hilo hilo kutoka Genkuru bila kukohoa, na kila fundi wa Tarime atakwambia mzigo ni kazi ya dizeli. La Mjomba ni pikapu ya petroli, kubwa, nyeupe, kabini mbili, viti vya ngozi, otomatiki, na ina tabo, yaani kale kapangaboi kanakoshindilia hewa kwenye injini ili gari dogo lijione kubwa. Halitoi moshi. Halitoi hata sauti. Mjomba alilizungusha uani mara mbili ili tusisikie vizuri.

Kila mtu alijua dizeli ndiyo ivute. Tatizo ni kwamba kabini ya Baba ni moja, na Bibi hawezi kukaa bega kwa bega na mkwewe kwa siku mbili. Kwa hiyo ndugu zangu wenye akili, watu wazima wenye vitambulisho, walikubaliana hivi: tabo ivute karasha na imbebe Bibi, na dizeli ifuate nyuma ikiwa imebeba injini ya karasha, madumu ya dizeli na spana. Punda abebe kofia, mbuzi abebe magunia.

"Mjomba aendeshe la Baba, akae na Bibi," nikasema. "Baba aendeshe la Mjomba. Tumemaliza."

Mjomba aliniangalia kama nimemwomba avae sketi. "Mimi? Niendeshe hiyo trekta? Bana, hii gari yangu iko na farasi mia tatu."

"Farasi wanakula sana," Baba akasema, akiwa amempa mgongo. "Na huyu hajui klachi. Ataniulia gari kabla ya Nyamwaga."

"Klachi ni ya watu wa zamani."

"Na mzigo je, ni wa watu wa lini?"

Mama akanigeukia mimi, kwa sababu ndiye pekee aliyeruhusiwa kufokewa. "Nyangi, mtoto akinyamaza anapungukiwa na nini?"

Bibi alikuwa upande wa pili wa ukuta wa jikoni, mahali ambapo Baba hamwoni. Alisikia yote. Hakusema kitu. Akatoka amejifunga kitenge kipya, kile cha harusi za watu muhimu, akapanda tabo mbele, na Baba akainama papo hapo kutafuta msumari chini ya tairi lake.

Saa nne tukaondoka. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya Bibi na kubeba maneno. Mtauliza kwa nini Baba hakupiga simu. Nami niliuliza. Simu ya Mjomba imeungwa na spika za gari, kwa hiyo sauti ya mkwe ingejaa kabini nzima na kumzunguka Bibi pande zote, jambo ambalo ni baya kuliko kukaa naye. Kwa hiyo utaratibu ukawa huu: Baba akitaka kusema kitu anawasha taa, Mjomba anasimama akinung'unika, mimi nashuka, nakimbia nyuma, nasikiliza, nakimbia mbele, nasema. Nimewahi kushinda mbio za mita mia nne shuleni, na sasa najua zilikuwa mazoezi ya nini.

Njia ya kuelekea Nyamwaga inapanda. Nitasema ukweli, kwa sababu hasira si sababu ya kudanganya: tabo ilipanda kama vile mlima unashuka. Mjomba alikanyaga kidogo, karasha nyuma likavutika kama ndama, na sindano ya joto haikutikisika. Nilitazama nyuma nikaliona gari la Baba limebeba injini na madumu tu, linafuka moshi mweusi, limeinamisha pua kama ng'ombe anayepelekwa josho. Nilicheka. Nilikuwa upande wa tabo kwa dakika kama kumi na tano hivi.

"Umeona?" Mjomba akamwambia Bibi. "Hii ndiyo kitu. Ile ingine ni jiko la mkaa."

"Naona, mwanangu," Bibi akasema, na akashusha kioo ili naye aonekane.

Saa sita na nusu, kwenye mteremko wa kushukia bonde la Mara. Trela letu, lililobeba karasha, halina breki zake. Kazi yote ya kulizuia ni ya gari linalovuta, na karasha ni zito, halina haya, likishaanza kushuka linataka kufika kabla yako. Mjomba alishuka akiwa kwenye D ile ile aliyopandia, mguu kwenye breki muda wote. Nikasikia harufu kama ya kiatu kilichoanguka jikoni. Taa za Baba zikawaka. Nikashuka, nikakimbia.

"Mwambie mjomba wako ashushe gia," Baba akasema. "Injini ishike mzigo. Breki ni za kusimamia, si za kushukia mlima."

Nikakimbia mbele, nikasema.

"Mwambie baba yako gari hii inafikiri yenyewe," Mjomba akasema, huku magurudumu yake ya mbele yakitoa moshi mweupe. "Iko na kompyuta."

Nikakimbia nyuma, nikasema.

Baba akalitazama lile gari lenye kompyuta likifuka moshi. "Mwambie kompyuta yake ashuke nayo salama," akasema, akaenda kukata matawi ya kuweka barabarani nyuma yetu.

Tulisimama karibu saa nzima breki zipoe. Bibi alikaa ndani, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, injini iliendelea kuunguruma ili kiyoyozi kimpoze. Mtu anayepozwa na petroli huku anasubiri breki zipoe. Niliandika hilo kwenye daftari langu la Jiografia, chini ya kichwa "Matumizi Mabaya ya Rasilimali."

Nyamongo, saa nane. Tulipita sheli. Taa za Baba zikawaka.

"Mwambie ajaze hapa. Ng'ambo ya mto hakuna sheli."

Mjomba akaonyesha sindano kwa kidole. "Nusu tanki. Nikiwa peke yangu, nusu inanipeleka hadi Kisii."

"Lakini hauko peke yako," nikasema. "Una karasha."

"Hayo ni maneno ya baba yako ama ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi yaweke mfukoni."

Nina hakika kabisa, na nitakufa na hakika hiyo, kwamba kama fundi yeyote wa mtaani angesema "jaza hapa," Mjomba angejaza. Hakujaza kwa sababu aliyesema ni shemeji yake. Tukaipita sheli. Niliigeukia nikaitazama mpaka ikapotea.

Kerende, jioni, kwa Mama Weigesa. Huyu ni shoga wa Bibi tangu enzi za Genkuru, mjane mwenzake, na ana mdomo ambao ukifunguliwa kuku wanatoka nje. Baba alipewa nafasi kwenye mji wa jirani, ng'ambo ya barabara, kama ilivyo lazima. Sisi tulipokelewa na ugali wa mtama, mgagani na maziwa ya mgando.

"Shikamoo, mama," Mjomba akasema.

"Marahaba. Hili ndilo gari au ni zahanati?"

"Ni pikapu, mama."

"Nyeupe hivi?" Akamgeukia Bibi. "Na wewe Bhoke umeletwa humo ndani, mbele, kama mheshimiwa?"

Bibi akacheka cheko ambalo sikuwahi kulisikia. Akasema, "Ingia ukae, uone baridi yake."

Mama Weigesa akaingia. Mjomba akawasha injini na kiyoyozi. Akaja jirani mmoja, akaja wa pili. Kufikia saa kumi na mbili jioni wanawake sita walikuwa wamekalia ngozi ya Mjomba kwa zamu, wakipoa, wakisikiliza redio, huku Bibi amekaa mbele akieleza jinsi mlima wa Nyamwaga ulivyokuwa si kitu. Gari halikwenda popote kwa zaidi ya saa moja na nusu, na lilikuwa linakunywa. Kusema kweli na mimi niliingia zamu mbili.

Taa za Baba zikawaka kutoka ng'ambo ya barabara. Nikaenda.

"Mbona wanaliwasha?"

"Wanapoa."

"Mwambie..." akaanza, kisha akaacha. Kwa sababu anayeambiwa azime angekuwa Bibi, na mkwe hamwambii mkwe azime starehe yake. "Basi. Nenda ukale."

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tulivuka daraja la Mto Mara. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Kutoka hapo barabara nzuri ikaisha, ikaanza njia ya mchanga na mawe iliyotengenezwa na malori ya rashi yenyewe. Mwendo ukawa wa polepole, na kwenye mwendo wa polepole wenye mzigo ndipo nilipoelewa Baba alimaanisha nini kuhusu farasi. Tabo ikiwa tupu inakunywa kistaarabu. Ikiwekwa mzigo mchangani, kale kapangaboi kanashindilia hewa, na hewa ikiingia lazima petroli iifuate, na niliiona sindano ikishuka kwa macho yangu, kama kivuli cha mchana. Saa tatu na nusu ikawaka taa ya njano.

Tulikuwa kwenye senta ndogo chini ya mlima: vibanda vya mabati, mama ntilie, mafundi wa pampu, na madumu ya dizeli yamepangwa kila mahali kama watu kwenye foleni. Mbele yetu mlima mmoja, na nyuma ya mlima kijito na namba tatu ya Bibi. Mjomba akateremka kwa mwendo wa bosi.

"Petroli iko wapi hapa?"

Dada mmoja akamwonyesha benchi lake. Zilikuwa chupa tisa za maji ya kunywa zenye petroli ndani.

"Hizi tu?"

"Anko, hapa karasha ni dizeli, pampu ni dizeli, malori ni dizeli. Petroli ni ya bodaboda. Kwani wewe umekuja na pikipiki?"

Watu wakacheka. Mjomba akanunua zote tisa. Bodaboda watatu waliokuwa wamekaa kwenye kivuli wakatazama riziki yao ikimiminwa kwenye shimo la gari jeupe.

"Mura," yaani kijana, mmoja akamwambia Mjomba, "hiyo tunaichuja kwa kitambaa kwanza."

"Hii gari ina filta yake."

"Haya. Na sisi tuna macho yetu."

Tulipanda. Robo ya mlima, injini ikaanza kugonga ndani kama mtu anayeomba atolewe. Ikawaka taa ambayo sijawahi kuiona, ya umbo la injini, na kompyuta yenye akili sana ikaamua kwamba petroli ile si hadhi yake na ikakata nguvu. Farasi mia tatu wakabaki kama watatu. Tukasimama. Mjomba akakanyaga mpaka chini, gari likalia kwa sauti nyembamba na halikusogea. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Nikashuka nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu la trela. Baba alikwisha shuka naye, amesimama mbali, uso ameuelekeza kichakani kwa sababu Bibi alikuwa anatoka upande wetu.

"Nilisema Ijumaa," nikawaambia wote kwa pamoja, "na narudia leo. Mjomba aendeshe la Baba. Bibi akae naye. Mwenye wazo jingine alitoe, lakini awe na petroli."

Hakuna aliyeninyamazisha. Hiyo ndiyo ilinionyesha hali ni mbaya.

Kuhamisha trela kulichukua muda, kwa sababu ndoano ya Mjomba ni ya mpira wa chuma na ya Baba ni ya pini, hivyo Baba akafunga kwa mnyororo na bolti huku Mjomba akishika taa ya simu mchana kweupe ili aonekane anafanya kitu. Saa tano na robo Mjomba akaingia kwenye dizeli, Bibi pembeni yake, mimi kwenye bodi juu ya madumu.

Akaachia klachi. Gari likaruka kama chura na kuzima.

"Polepole," Baba akaambia kichaka. "Aachie polepole, mzigo uusikie mguu wake."

"Aachie polepole," nikasema dirishani.

Ikazima tena. Mara ya tatu haikuzima, lakini ilirudi nyuma, trela likajikunja, na kama si jiwe langu karasha lingeenda kusaga vibanda vya mama ntilie. Harufu ya klachi ikapanda. Baba aliisikia, na niliona mabega yake yakishuka, kama mtu anayesikia mtoto wake analia nyumba ya jirani.

"Toka," Baba akasema. Hakukiambia kichaka. Alimwambia Mjomba, na Mjomba akatoka.

Sasa lilibaki swali moja, na wote tulilijua. Gari lilikuwa tayari, dereva alikuwa tayari, na kiti pembeni ya dereva kilikuwa kitupu. Mlima ulikuwa wa mwendo wa nusu saa kwa gari hilo. Bibi alikuwa ameshashuka, amesimama nyuma ya trela na goti lake bovu.

"Panda bodi," nikamwambia. "Kaa na mimi, umpe mgongo."

"Niparamie bodi mkwe wangu akiwa ameshika usukani? Mke mwenzangu, umewahi kuona mbuzi wa mnada amevaa kitenge?" Hivyo ndivyo Bibi anavyoniita, mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Basi bodaboda."

Niliwatazama wale bodaboda watatu kule chini. Mmoja alifungua kifuniko cha tanki lake, akaliinamisha kutuonyesha, kisha akaonyesha gari jeupe kwa kidevu. Wote watatu walikuwa wakavu. Tuliwanywa sisi.

"Nitatembea," Bibi akasema. "Mwambie baba yako apeleke chuma."

Nikaenda nikasema. Baba aliweka gia ya chini kabisa, ile ya mlima, akaachia klachi kama anamlaza mtoto mchanga, na dizeli ikaondoka. Haikuwa na haraka. Ilinguruma chini chini, moshi mweusi ukapanda, na karasha likaifuata hatua kwa hatua, bila kuruka, bila kuteleza. Mwendo wake haukuwa mkubwa kuliko wa mtu, lakini wa mtu mwenye magoti mazima. Ikatuacha.

Bibi alitembea na fimbo niliyomvunjia. Kila hatua mia alisimama. Nilitaka kumbeba, akakataa. Nilitaka kumtukana Mjomba kwa niaba yake, akakataa hilo pia. Karasha la Bibi lilifika kijitoni saa sita kasoro kumi. Baba mwenyewe alilishusha, na watu wa jirani walimsaidia. Bibi alifika saa saba kasoro robo.

Kamati ilikuwa imeshapita. Mwenyekiti, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amekaa kwenye jiwe na karani wake. Alisimama kumsalimia Bibi.

"Mama, chuma chako tulikikuta. Wewe hatukukukuta. Mkweo tulimuuliza mwenye chuma yuko wapi, akasema yuko njiani. Tukasubiri. Wenzako nao wakatuambia saa ni saa."

"Namba tatu?"

"Imekwenda kwa anayefuata. Yako ni kule juu, penye mwamba."

Hapo mimi nikafunguka. Nilimweleza mwenyekiti kila kitu, tangu uani: kiti, klachi, breki, sheli, chupa tisa, wanaume wawili wazima wanaoshindana injini wakati mama wa watu anapoteza kiwanja. Nilisema kwa sauti, na watu wa viwanja vya jirani wakaacha kazi. Mjomba, aliyekuwa amefika kwa miguu nyuma yetu, akatazama viatu vyake. Baba alikuwa mbali kidogo, akiitazama rejeta ya gari lake.

Bibi akanishika mkono. "Inatosha."

"Haitoshi. Nilisema Ijumaa wabadilishane magari. Walikataa kwa kiburi."

"Ulisema, nami nilikusikia." Alimgeukia mwenyekiti, si mimi. "Chacha ni mwanangu. Ningemwambia neno moja nyuma ya ule ukuta, angepanda dizeli na angenyamaza. Nilinyamaza mimi. Nilitaka Kerende wanione nimeletwa na mwanangu kwenye gari jeupe. Wameniona. Mwambie karani wako aandike kwamba mwenye chuma alichelewa, asiandike sababu nyingine."

Karani akaandika. Nilikuwa na maneno mengine mengi na sikujua pa kuyaweka.

Jumapili asubuhi tulirudi bila Bibi. Alibaki na kijana wa kumsaidia kufunga injini penye mwamba. Dizeli ya Baba ilivuta tabo ya Mjomba kwa mnyororo, mpaka sheli ya Nyamongo, ambako fundi alimwaga petroli yote iliyokuwamo na kutoa mchanga wa kutosha kupanda vitunguu. Baada ya hapo gari likawaka, likawa na afya, na Mjomba akaondoka mbele yetu kwa kasi nzuri kabisa, gari likiwa tupu, hali inayolipendeza. Hakupiga honi.

Nyumbani wanafunzi wenzangu wameniuliza nimejifunza nini, na lipi kati ya yale mawili ndilo gari. Nawajibu hivi. Tabo ya petroli si gari baya, ilipanda Nyamwaga vizuri kuliko dizeli itakavyopanda maisha yake yote. Lakini mzigo hauangalii kupanda tu. Unaangalia kushuka, kusubiri, na kutambaa mchangani saa moja na nusu nzima, na unaangalia kinachouzwa mahali unapokwenda. Kama wote huko wanakunywa dizeli, nenda na kinywaji cha wenyeji. Hayo ni ya injini, na ni mepesi. La watu bado linaniudhi, kwa sababu nilikuwa nimeshawapata wa kulaumu na Bibi akaniharibia hesabu.

Sasa hivi kila Jumamosi Baba anapeleka mapipa ya maji kule juu. Anayashusha chini ya mwamba, anapiga honi mara mbili, anageuza gari na kuondoka, na Bibi anateremka kuyachukua akishasikia sauti ya dizeli imefika mbali. Niliambatana na Baba wiki iliyopita. Kule chini kijitoni, karasha la namba tatu lilikuwa linasaga tangu asubuhi. La Bibi lilianza saa saba, maji yalipofika.